Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo kadi ya North

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku wazima kabisa, joto la Desemba limeanza lakini si unaijua Melbourne, asubuhi koti mchana singlendi, mjomba wako bado hajaizoea na kila siku analalamika. Meseji yako nimeipata. Umeuliza kwa kifupi tu, eti mama niulipie tena uanachama wa North, yaani North Melbourne, timu yetu ya mpira wa Kiaustralia, kwa 2026 au niachane nao, maana huko Townsville watu wote ni ragbi na Cowboys wao na hakuna hata mtu wa kubishana naye. Nikataka kukujibu palepale nikaona maneno yanazidi, nikasema ngoja niandike barua kama watu wa zamani.

Kwanza nikwambie ukweli usije ukadhani mama yako kipofu. Hesabu naijua. Mwaka 2020, ule wa korona ambao Julai walitufungia kwenye flati polisi wamejaa chini, timu ilishinda mechi 3. 2021 mechi 4, 2022 mechi 2, 2023 mechi 3, 2024 mechi 3 tena, na 2025 ndio tukapanda tukafika 5 na ile droo na Brisbane, ambao baadaye ndio walibeba kombe. Jumlisha hizo uone, misimu sita ushindi 20, kuna timu zinapata 17 au 18 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo mtu akisema amechoka simlaumu.

Sasa hapa saluni Footscray wiki mbili hizi hakuna mada nyingine. Dada msusi ndiye mwenye imani kuliko wote, yeye kila ukimwuliza anakutajia majina kama anasoma dua, Harry Sheezel, George Wardlaw, Colby McKercher, Finn O'Sullivan, Luke Davies-Uniacke, anakwambia timu gani ina vijana kama hawa, subirini wakue. Na kweli Sheezel sio wa kubeza, msimu wake wa kwanza 2023 akachukua tuzo ya kijana bora wa ligi nzima na tuzo ya mchezaji bora wa klabu humohumo. Lakini yule kijana kinyozi wa Kikongo wa duka la pili, yule shabiki wa Collingwood (Mungu amsamehe), anaingia na mashine yake mkononi anasema dada, wewe ulisema wakue mwaka 2022, wakue mwaka 2023, hao ni watoto au miti? Watu wakacheka mpaka nikavutwa nywele maana mwenye kunisuka naye alikuwa anacheka.

Mjomba wako ndio balaa. Ametoka Morogoro juzi tu, Yanga damu, kichwani mwake timu ikishika mkia inashuka daraja basi, hakuna mjadala. Nimemweleza huku hakuna kushuka, timu ni 18, zilezile, na anayemaliza wa mwisho ndiye anapewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana kwenye drafti. Akanyamaza kidogo akasema kwa hiyo wanalipwa kufungwa. Nikamwambia sio hivyo, halafu nikakumbuka ile ya 2023 nikaona bora nimsimulie tu. Unaikumbuka? Tulikuwa tumepigwa mechi 20 mfululizo, mwaka wa kwanza wa kocha wetu Alastair Clarkson, mechi ya mwisho kule Hobart tukamfunga Gold Coast, watu tukarukaruka hapa nyumbani, kumbe kwa ushindi huo tumeipisha West Coast mkiani na wao ndio wakapata chaguo la kwanza wakamchukua Harley Reid. Sisi tukamchukua McKercher wa pili. Mjomba alishika kichwa. Akasema nchi hii hata kushinda kuna hasara.

Ila mimi McKercher simbadilishi na mtu, niseme tu.

Kinachoniuma mimi ni kingine, na hapa hata dada msusi hana jibu. Mwaka 2024 wakati wa drafti hawa mabosi wetu wakachukua chaguo letu la raundi ya kwanza la 2025 wakawapa Richmond, ili wapate kijana mmoja pale pale, Matt Whitlock. Kijana hana kosa, beki mrefu, tunamhitaji. Lakini wewe umemaliza wa 17, unatoaje chaguo la mwaka ujao kana kwamba una uhakika utamaliza wa 8? Ukimaliza chini si umewapa wenzio dhahabu? Na ndivyo ilivyokuwa, 2025 tukamaliza wa 16, chaguo likaenda Richmond, drafti ya mwezi uliopita sisi tunaangalia wenzetu wanachagua na chaguo letu. Kinyozi kila akikosa hoja anarudi hapohapo, Richmond, Richmond, na mimi namnyamazia maana kweli.

Halafu kuna ubishi wa wazee. Kwa 2025 walileta Luke Parker kutoka Sydney, Jack Darling kutoka West Coast na Caleb Daniel kutoka Bulldogs, yule mfupi anayevaa kofia. Wote watatu wameshabeba kombe huko walikotoka. Kinyozi anasema mmeokota wastaafu. Mimi nasema hapana, ukiwa na watoto watupu uwanjani nani atawapigia kelele kipigo kikianza? Hapo namuunga mkono kocha. Ila mtu mzima mmoja anawaelekeza watoto wanne, hawezi kuwakimbilia. Ndio maana nasema mimi sina shida na vipaji wala na umri, shida yangu ni kukaba. Hii timu haikabi mwanangu. Mpira ukipotea katikati, wale wanaotakiwa kurudi hawarudi, wanabaki kuangalia kama wameona ajali barabarani, na mabeki wanaachwa watatu kwa watano.

Nenda kakumbuke siku ile ya Collingwood, Juni 2024, uwanja wa Marvel, paa limefungwa kwa sababu ya baridi, sisi tumekaa juu kabisa na mfuko wetu wa sambusa. Tunaongoza kwa pointi 54. Hamsini na nne! Wewe ukawa unamtumia kinyozi vidio za kumkejeli, umesimama kwenye kiti, yule mama wa Kizungu mbele yetu anageuka anakuomba ukae. Halafu robo ya tatu ikaanza na ule mchezo wa kuteleza, goli moja, mawili, sambusa zikapoa hakuna anayekula, kila nikiangalia ubao naona pengo limepungua na vijana wetu wanapiga mpira mrefu mbele hovyo ilimradi uondoke, unarudi, wanapiga tena, unarudi. Tukafungwa kwa pointi 1. Mpaka leo watu wanabishana na refa kuhusu zile sekunde za mwisho. Mimi nasema refa ana makosa yake sawa, lakini refa hakutoa pointi 54. Siku ile hapakuwa na upungufu wa vipaji, magoli yale yote ya mwanzo si walifunga wao? Walishindwa kushika walichokuwa nacho.

Kwa hiyo ukiniuliza msimu ujao nitaangalia nini, sitaangalia magoli ya mfungaji wetu Nick Larkey. Larkey atafunga, 2023 alifunga 71 kwenye timu iliyoshinda mechi 3, huyo ukimpa mpira anafunga. Nitaangalia wanafungwa kiasi gani. Wakipunguza hapo basi.

Na Clarkson je? Hapo saluni imegawanyika vibaya. Mkataba wake ni wa mpaka mwisho wa 2027. Kinyozi anasema mwenye makombe manne na Hawthorn alikuwa yule wa zamani, huyu ni jina tu. Dada msusi anasema kocha huyo alikuta nyumba imeungua. Mimi niko katikati, na najua hupendi nikiwa katikati, lakini sikiliza, miaka mitatu ameshinda mechi 11 jumla, kwa kocha mwingine yeyote hapo ni mizigo mlangoni. Aliwahi kuichezea North mwenyewe, tunampenda, na mapenzi hayo ndiyo yanayomlinda. Nampa mpaka katikati ya msimu. Ikifika Juni na bado tunafungwa kwa pointi 80, mimi mwenyewe nitahamia upande wa kinyozi na utanisikia.

Sasa kuna jambo ambalo wewe huko kwenye ragbi labda limekupita. Ligi imebadilisha utaratibu, kuanzia 2026 timu 10 ndizo zitakazoingia hatua ya mwisho, sio 8 tena. Wa 7 anakutana na wa 10, wa 8 na wa 9, washindi wanaendelea. Dada msusi aliposikia akaacha kusuka akapiga makofi, anasema tayari tumo! Nikamwambia tulia dada, kutoka wa 16 mpaka wa 10 ni mechi sita saba zaidi, sio mlango wa jirani huo. Na usisahau hizi mechi wanazouza. Wanapeleka mechi zetu za nyumbani kule Magharibi, Perth na Bunbury, wanapata pesa, sawa klabu ni ndogo inahitaji pesa, lakini unacheza "nyumbani" mbele ya mashabiki wa Fremantle maelfu kwa maelfu wanakuzomea, nyumbani gani huko. Mjomba kwenye hili tu ndio alinielewa haraka.

Karatasi tumebandika kwenye kioo cha saluni, kila mtu na idadi ya mechi tutakazoshinda. Dada msusi 11. Kinyozi 4, kwa roho mbaya. Mjomba 6, anasema hajui chochote ila sura za watu zimemtosha. Mimi nimeandika 8, na nimeandika kwa kalamu ya wino. Nane haitufikishi kumi bora, najua, lakini nane ni timu ambayo ukienda uwanjani huanzi kutafuta koti lako robo ya tatu.

Halafu timu yetu ya wanawake imebeba kombe tena! Ninyi vijana mnajifanya hamlioni hilo. Novemba waliifunga Brisbane kwa pointi 40 kwenye fainali, la pili mfululizo, na msimu mzima wa 2025 hawakupoteza hata gemu moja. Klabu ileile, jezi ileile ya mistari ya bluu na nyeupe, uwanja uleule wa mazoezi pale Arden Street. Kwa hiyo mtu akija na habari za laana, sijui klabu ndogo haiwezi, mwulize hawa kina Jasmine Garner na Ash Riddell wanatoka klabu gani. Na unajua wanashindaje? Wanakaba! Wakipoteza mpira wanaurudia wanne wanne kama wameibiwa pochi. Nilimwambia kinyozi hivyo akasema huo ni mpira mwingine. Nikamwambia mwingine vipi, nguzo nne zilezile, goli pointi 6 zilezile. Hakuwa na jibu, akawasha mashine yake akaondoka.

Kuhusu hiyo kadi sasa. Wewe unajua vizuri kwa nini tuko North na sio timu kubwa. Ulikuwa unatoka shule unaenda The Huddle, kile kituo cha vijana palepale klabuni, kufanya homuweki kwa sababu ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye flati zetu, na mwaka 2013 Majak Daw, mtoto wa Khartoum, alipoingia uwanjani na teke lake la kwanza kabisa likawa goli, wewe ulitoka mbio mpaka koridoni ukawa unagonga milango ya majirani. Siku hizi wachezaji wenye asili ya Sudan wapo wengi, Aliir Aliir wa Port Adelaide amezaliwa kambi ya Kakuma huko Kenya, lakini wakati ule alikuwa Majak tu. Sikwambii haya ili ujisikie deni, umeshakuwa mtu mzima, una kodi ya nyumba na bili zako.

Mimi nimeshakulipia. Usinitumie hela. Nimekuchukulia ile ya watu wanaokaa mbali, ndogo, na kama ratiba itawaleta Brisbane au Gold Coast ukapata likizo, panda ndege uende ukakae na wenzio hata mkipigwa. Nataka tu namba yako kabla msimu haujaanza Machi, niiandike kwenye kioo. Na tafadhali usiniandikie 14, dada msusi atakaribia kulia kwa furaha na kinyozi atatucheka mpaka Pasaka.

Mjomba anakusalimia, anauliza huko Cowboys wanashuka daraja au nao ni walewale.

Mama yako