Kahawa yetu haijachacha: maelezo kwa wateja wetu wapya

Tangu tufungue mlango hapa Upanga wiki tatu zilizopita, vikombe vinavyorudishwa kaunta vinarudi na lalamiko lilelile: kahawa ni chachu. Mzee mmoja, mnywaji wa siku nyingi wa vijiwe vya Kariakoo, alionja mara mbili, akaweka kikombe chini, akaniita taratibu: "Mwanangu, hii kahawa imelala?" Nikamjibu, "Hapana mzee wangu, imekaangwa juzi." Hakuridhika, na alikuwa na haki. Nilimpa kikombe bila kumwambia ndani mna nini.

Kahawa aliyoizoea ni ile ya birika juu ya jiko la mkaa, nyeusi tii, pengine na tangawizi, kikombe kidogo mkononi na kashata pembeni. Buni yake hukaangwa mpaka inakuwa nyeusi na kuanza kung'aa mafuta. Ikifika hapo, uchungu wa moto ndio unaotawala ulimi. Ladha ya tunda imeshaungua. Kahawa hiyo tunaipenda na tunainywa mpaka leo. Sisi tunauza nyingine.

Buni yetu ni ya aina ya arabika, kutoka Kilimanjaro, ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, ambako mibuni inaota chini ya migomba. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliipanda kule mwaka 1898. Watu wengi wa mjini hatujawahi kuliona tunda lenyewe: likiiva ni jekundu, na ukilitafuna ute wake ni mtamu. Kule juu kuna baridi, tunda linaiva polepole, na mbegu inapata muda wa kujijenga. Ndani yake mna asidi ileile iliyomo kwenye chungwa na limau. Sisi tunakaanga mpaka buni ianze kupasuka kama bisi, tunaiacha kidogo, kisha tunaiepua ikiwa bado ya kahawia. Ule uchachu unaousikia mwanzoni ni wa tunda. Usubiri kikombe kipoe kidogo, uonje tena: utamu unajitokeza zaidi kikiwa vuguvugu.

Lakini si kila uchachu ni wa kutetewa. Maji yanapopita kwenye unga wa kahawa, uchachu hutangulia kutoka, kisha utamu, na uchungu huja mwishoni. Tukisaga chenga kubwa mno, au maji yakiwa hayajapata moto wa kutosha, unapewa ule mwanzo peke yake. Hapo kahawa inakukunja uso kama ukwaju na haiachi utamu wowote kooni. Hilo ni kosa letu. Kirudishe kikombe, tutakutengenezea kingine bila kukutoza.

Na kosa jingine tulilifanya kweli. Siku za mwanzo tulitumia maji ya kisima. Anayeishi Dar anajua visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi si tatizo pekee: maji yenye madini mengi huua uchachu wa kahawa, ikabaki bapa, haina mbele wala nyuma. Tulihangaika na mashine ya kusagia siku nne nzima, tukibadilisha hiki na kile, kabla ya mmoja wetu kutengeneza kikombe kwa maji ya chupa. Tofauti ilitutia aibu. Sasa tunatumia maji yaliyochujwa tu. Waliokuja wiki ile ya kwanza, tunawaomba radhi na tunawadai safari moja zaidi.

Wanaonunua pakiti wakatengenezee nyumbani, hilo la maji liwakae kichwani. Pima gramu 15 kwa robo lita, vijiko vitatu hivi vya chakula vya unga. Hapa Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo yaepue, subiri dakika moja, ndipo umimine. Ukimpelekea shangazi Arusha, mwambie amimine mara tu yanapochemka, maana kwa mwinuko wa kule yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Kuhusu bei, wengi mmeuliza mbona kikombe ni shilingi 4,000. Kilo moja ya buni safi inatokana na karibu kilo sita za matunda, na matunda ya tawi moja hayaivi siku moja, hivyo mchumaji anarudi kwenye mti uleule mara kadhaa. Ukikaanga, uzito unapungua tena. Dakika nne unazosubiri ni za maji kushuka kwenye karatasi ya kuchujia. Tukiyaharakisha unarudi kwenye ule ukwaju.

Sukari ipo, maziwa yapo, na hakuna atakayekununia ukiyatia. Tunachoomba ni uonje kwanza mara moja ikiwa kavu.

Jumamosi hii kuanzia saa mbili asubuhi tutaweka vikombe viwili kwa kila atakayekaa: hii arabika yetu, na kahawa ya aina ya robusta kutoka Kagera tuliyoikaanga nyeusi na kuichemsha kwa birika. Wahaya wameijua robusta na kuitafuna kama heshima kwa mgeni tangu kabla ya wamisionari, na ina kafeini karibu maradufu ya arabika, kwa hiyo msinywe nyingi. Kuonja ni bure. Kashata zitakuwepo, na yule mzee wa Kariakoo ameahidi kuja.