Mbuyu, kombe tumebeba lakini donge bado lipo

Dublin,
22 Juni 2025

Ndugu yangu Mbuyu,

Salamu nyingi kutoka ubaridini. Mimi sijambo, ila kiuno tu kinalalamika kwa kazi ya kunyanyua wazee usiku. Idi ilinikuta zamu, nikala biriani baridi saa nane za usiku nimesimama kama askari. Mama hajambo? Na wale vijana wako wa raga, wamekwisha kujua kukamata mpira bila kufumba macho?

Ile sauti yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, ya pili ndani ya basi, watu wakinitazama ninavyocheka peke yangu. Ati Leinster, timu yetu ya raga hapa Dublin, ni kama mtu aliyeoa mpishi wa harusi halafu kila jioni anakula chipsi za barabarani. Ningekujibu kwa sauti ningepayuka, na mwenye nyumba wangu hapendi kelele. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza uniachie nijidai kidogo. Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe 14, Leinster 32, Bulls 7, pale Croke Park. Hiyo ni fainali ya URC, ligi yenye timu za Ayalandi, Wales, Uskoti, Italia na Afrika Kusini. Mapumziko ilikuwa 19 kwa nunge na Bulls hawajui waanzie wapi. Nikukumbushe ni Bulls hao hao waliotutoa nusu fainali mwaka 2022, wakatutoa tena 2024, na Machi mwaka huu wakatufunga kwao Pretoria 21–20. Pointi moja! Deni hilo limelipwa na riba juu. Kombe lolote hatukuwa tumeligusa tangu 2021, kwa hiyo unaposema "hilo ni kombe la kufutia machozi" nakusikia, lakini machozi ya miaka minne si haba, bwana.

Kwenye ligi tulicheza 18 tukashinda 16. Mbili tulizopoteza ni hiyo ya Pretoria na ile ya Scarlets kule Llanelli. Ukimwonyesha mtu karatasi hiyo bila maelezo, atakuuliza watu hawa wananung'unikia nini.

Wananung'unikia tarehe 3 Mei.

Nilikuwepo. Mwenzangu kazini alikuwa na tiketi ya ziada, shemeji yake ameumwa. Uwanja wa Aviva umekaa kama bakuli lililovunjika mdomo: upande mmoja umeshushwa chini ili nyumba za jirani zisikose jua, na treni inapita chini kabisa ya jukwaa la magharibi. Nusu fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya, sisi na Northampton ya Uingereza. Hakuna aliyekuja kuangalia nani atashinda. Watu walikuwa wakiulizana hoteli za Cardiff kwa ajili ya fainali, na mimi mmoja wao, mwenye hela ya basi tu.

Kufika mapumziko Northampton 27, sisi 15. Winga wao Tommy Freeman alikuwa ameshafunga trai tatu peke yake, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya laini yetu, pointi tano kila moja. Yule kijana wao Henry Pollock, umri wake miaka 20, alichomoka na mpira akamwacha Sam Prendergast anapapasa hewa, akaweka trai, kisha akajishika shingoni kupima mapigo ya moyo, eti aone kama bado yu hai. Uwanja mzima ulimchukia. Na mimi nilimchukia, ingawa ukweli ni kwamba angekuwa wetu ningemnunulia soda.

Tukarudi mchezoni, tukasukuma, ikaisha 37–34. Tumetolewa nyumbani.

Sasa Jordie Barrett. Hapa ndipo mimi na wewe hatukubaliani. Kweli, ni All Black, mchezaji wa timu ya taifa ya Nyuzilandi, kweli alikuja Desemba kwa mkataba wa miezi sita tu, na kweli siku hiyo aliketi benchi. Wewe unasema kocha aliuza mechi pale pale alipoandika majina. Na hapa Dublin wengi wanasema kama wewe. Lakini hebu fikiria kocha wetu Leo Cullen anachagua nini. Katikati ana Henshaw, ana Ringrose, ana Osborne, wote watu wa timu ya taifa. Na huyo mgeni ataondoka Juni, arudi kwao Hurricanes. Ukimwanzisha, unamweka nje mtu ambaye utamhitaji miaka mitano. Ukimweka benchi, umelipa hela ya ng'ombe kwa kikombe cha maziwa. Mimi ningemwanzisha, nakiri, na kwenye fainali ya juzi alianza na akafunga trai mapema kabisa. Ila siamini kwamba benchi ndilo lililotuua.

Kilichotuua kilianza Aprili, siku tulizokuwa tunashangilia. Raundi ya 16 bora tuliwapiga Harlequins 62–0. Robo fainali, Glasgow, 52–0. Alama 114 kwa nunge, Mbuyu! Wewe ulinipigia simu usiku ule ukaniambia kombe liandikwe jina kabisa. Ni nani aliyeupima ulinzi wetu katika siku hizo? Jacques Nienaber, yule Msauzi aliyetwaa Kombe la Dunia 2023 na Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, ametufundisha ukuta unaopanda kwa kasi, mawinga wanakunja ndani kumbana mwenye mpira kabla hajafikiri. Ukikutana na timu inayositasita, ukuta huo ni kama mlango wa chuma. Ukikutana na watu wanaopitisha mpira haraka juu ya vichwa vyenu hadi ukingoni, nyuma hakuna mtu ila nyasi. Freeman alikuwa anangoja huko kwenye nyasi. Na wachezaji wetu, tangu mtoano uanze, hawakuwa wameonja kuwa nyuma kwa pointi hata moja. Nilikuwa nawaona wanatazamana.

Halafu ile penalti. Hii naomba uwasimulie vijana wako. Dakika za mwisho, tuko nyuma pointi tatu, tumepewa penalti ya kupigika. Ukiupitisha kati ya nguzo ni tatu tu, iwe 37–37, tupumue. Wachezaji wetu wakaupiga mpira nje pembeni, karibu na laini ya Northampton, watafute trai. Mimi nilikuwa nimeshasimama nikapiga ukelele, "Mlingotini! Piga mlingotini!" Mama mmoja kando yangu, mtu mzima, skafu ya buluu hadi puani, akaniuliza nimesema nini. Nikamwonyesha zile nguzo kwa kidole. Akageuka uwanjani, na yeye akapaza sauti, "Mlingotini!" kwa lafudhi ya kuchekesha kweli, na walio nyuma yetu wakaidaka bila kujua ni nini. Haikusaidia. Hatukupata kitu pale.

Watu wanamlaumu nahodha, wengine kocha. Mimi nasema zile 114 ndizo zilizochagua. Timu iliyozoea kufunga trai kila inapotaka haiwezi kuona pointi tatu kama chakula. Na usisahau hao ni watu waliopoteza fainali tatu za Ulaya mfululizo, mbili kwa La Rochelle na ile ya 2024 kwa Toulouse katika muda wa ziada, baada ya Frawley kukosa mkwaju wa kushtukiza, ule wa kudondosha mpira na kuupiga mlingotini, mwishoni kabisa wa dakika 80. Nadhani walishachoka kushindwa kwa kubahatisha mguu. Unawaelewa, lakini unakasirika vile vile.

Kuhusu namba 10, yule anayeongoza mashambulizi, wewe ni mtu wa Prendergast na mimi ni mtu wa Ross Byrne, tusipotezeane wino. Byrne anakwenda Gloucester, kwa hiyo umeshinda. Kijana wako ana miaka 22 na mguu wake ni wa dhahabu, nakubali. Pasi zake unaweza kuzitungia taarabu. Ila mtu akimjia mbio kifuani naye amesimama peke yake, nafumba macho. Andy Farrell, kocha wa Lions, ile timu ya pamoja ya Uingereza na Ayalandi, naye nadhani alifumba, maana aliita watu 12 wa Leinster kwenye kikosi cha kwanza na Prendergast hakumo. Caelan Doris ndiye aliyeniumiza roho zaidi: bega liliharibika siku hiyo hiyo ya Northampton, na safari ya Australia ikaishia hapo. Hao Lions wenyewe juzi Ijumaa wamefungwa na Argentina hapa hapa Aviva, 28–24. Sikutazama hadi mwisho, nilikuwa nawahi zamu.

Nilikuambia kuna mzee kazini ambaye ni wa Leinster tangu enzi za Donnybrook, uwanja wetu wa zamani, watazamaji wachache na mbwa wao? Huyu bwana hawezi kushika kijiko vizuri, lakini kila Alhamisi ananiomba penseli na ile karatasi ya orodha ya chakula cha mchana. Nyuma yake anaandika kikosi chake, 1 hadi 15, herufi zinatetemeka kama zimepigwa na upepo. Kesho yake kikitangazwa cha kweli ananiambia nimsomee, anaweka alama. Ile Ijumaa kabla ya Northampton nilimsomea hadi namba 12, akaninyamazisha kwa mkono. Akachukua penseli, akakata jina la Barrett alilokuwa ameliandika, akakata tena na tena hadi karatasi ikatoboka. Kisha akauliza kama kuna supu.

Siku ya fainali na Bulls tulimsogeza mbele ya televisheni na blanketi lake. Barrett alipofunga, mzee hakushangilia. Alinitazama mimi tu, kama vile ni mimi niliyemweka benchi Mei.

Cian Healy amestaafu, kama ulisikia. Miaka 37, propu, mtu wa mstari wa mbele wa skramu, alianza na Leinster 2007, akavunja rekodi ya Devin Toner ya mechi 280. Wewe propu wa zamani ulipaswa kusimama kimya dakika moja badala ya kunitumia kejeli. Shingo yako iliacha skramu baada ya miaka mitatu na bado unalalamika kila mvua ikinyesha.

Na Desemba anakuja All Black mwingine, Rieko Ioane. Ndiyo, tena wa katikati. Usianze! Najua utakachosema, mpishi wa pili wa harusi. Mzee nimemwambia jana, akachukua penseli papo hapo ingawa ligi imefungwa na mechi hakuna. Namba 13 ameandika Ringrose, halafu juu yake Ioane, halafu akaona havisomeki vyote viwili, akanirudishia karatasi niifikirie mimi. Ninayo mfukoni mwa sare. Ukiwa na maoni nitumie kabla ya Alhamisi, nimsomee, ila fupisha, si dakika saba.

Pesa ya mipira miwili nimeituma jana kwa jina la dada yako, kama ulivyosema. Jezi nitampa mtu anayesafiri Agosti. Niambie saizi ya kweli ya sasa, usinitajie ile ya shuleni.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Chiriku