Betri ya kuundwa isiuzwe bila daftari la seli

Kwa Mhariri,

Makala mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu vijana wa Kisumu na Nakuru wanaounda betri za sola kutokana na seli, yaani vibetri vidogo vilivyo ndani ya betri za kompyuta mpakato kuukuu, yamenifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Yamenifurahisha kwa kuwa kazi hiyo inawezekana na ina manufaa, hasa huku kwetu ambako stima hupotea jioni bila taarifa na mwenye duka akabaki kuhesabu chenji kwa tochi ya simu. Yamenitia wasiwasi kwa sababu mwandishi wenu alieleza kwa urefu namna seli zinavyounganishwa bila kugusia namna zinavyopimwa, ilhali kupima ndiko kunakomaliza siku za fundi, na ndiko kunakotenganisha betri ya kutegemewa na betri ya kuunguza nyumba.

Seli inayozungumziwa ni ile ya lithiamu, ya mviringo, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ambayo ikijaa husoma volti 4.2 na kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya volti 3.6. Iliyobakisha uwezo wa miliampea-saa 2,000 hubeba takriban wati-saa 7, kwa hivyo anayetaka kilowati-saa 1 atahitaji seli 140 hivi: vikundi 7 vilivyounganishwa mfululizo ili kupata mfumo wa volti 24, na katika kila kikundi seli 20 zilizounganishwa sambamba. Betri ya kiasi hicho huwasha televisheni ndogo na taa tano kwa saa nane hivi bila kukamuliwa hadi mwisho, na hiyo si haba.

Lakini seli hizo 140 hazina umri mmoja wala hazikuchoka sawasawa. Katika betri moja ya kompyuta yenye seli sita, huenda jozi moja ndiyo iliyokufa na nne zikawa bado nzima. Fundi makini huiandika kila seli namba, huipima volti kabla ya kuitia kwenye chaja, na ile iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 huikataa hata kama inapokea chaji, kwa kuwa shaba iliyo ndani yake huwa imeanza kuyeyuka na inaweza kuganda upya mahali ambapo italeta shoti. Zilizobaki huzijaza, huziacha rafuni wiki mbili, kisha huzipima tena, kwani iliyoshuka kuliko wenzake inapoteza chaji yenyewe na itakishusha kikundi chake kila siku ipitayo. Inayopata joto kali wakati wa kuchajiwa hukataliwa bila mjadala. Hatimaye huzimaliza chaji polepole ili ajue uwezo wa kila moja, halafu huzipanga ili jumla ya uwezo ya kikundi kimoja ilingane na ya vingine. Matokeo yote huingia daftarini.

Ombi langu kwa wasomaji ni hilo tu: asiyeonyeshwa daftari asinunue. Fundi aliyepima seli 140 hawezi kukumbuka namba zote kichwani, na asiye na daftari hakupima, hata awe na ulimi mtamu kiasi gani.

Kuna kasoro nyingine ambayo mnunuzi anaweza kuiona kwa macho. Watu wengi hudhani kwamba chanya iko juu na hasi iko chini, basi. Ukweli ni kwamba kopo zima la seli ni hasi, pamoja na ukingo mwembamba unaozunguka kichwa cha chanya, na kinachozitenganisha pande hizo mbili hapo juu ni kijiduara cha karatasi na ganda la plastiki jepesi kama la peremende. Ganda hilo likichanika wakati wa kuibandua betri ya zamani, kipande cha nikeli kinachounganisha seli na kupita juu yake kinaweza kugusa ukingo na kuleta shoti papo hapo. Nimeona betri zikiuzwa zikiwa na maganda yaliyozibwa kwa selotepu ya ofisini.

Aidha, kila seli inapaswa kuwa na fyuzi yake, ambayo huweza kuwa waya mwembamba tu uliochaguliwa kwa kipimo. Bila fyuzi hiyo, seli moja kati ya 20 ikipata shoti ndani, zile 19 zitaimwagia umeme wao wote na moto utaruka kutoka seli hadi seli. Bodi ya kinga, ile ambayo mafundi huiita BMS, ni ya lazima vilevile kwa kuwa hukata chaji kikundi kimoja kinapojaa kabla ya vingine, lakini huona volti ya kikundi, haioni seli mojamoja. Na anayebadilisha betri ya asidi kwa hii ya lithiamu akumbuke kurekebisha kidhibiti chake cha sola, kile kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, kwa maana vikundi 7 havipaswi kuvuka volti 29.4, na baadhi ya vidhibiti vya betri za asidi hupandisha volti mara kwa mara kupita hapo.

Mwenye uwezo wa kununua seli mpya za lithiamu na fosfeti ya chuma, ninamshauri anunue hizo. Ni nzito zaidi, lakini haziwaki kwa urahisi kama hizi za kompyuta na hudumu miaka mingi. Seli kuukuu ni za asiye na uwezo huo, na ndiyo maana inaniuma kuona yeye ndiye anayeuziwa betri isiyopimwa.

Kanuni za sola nchini zinamtaka anayefunga mfumo awe na leseni, nami naziunga mkono. Hata hivyo, leseni ya aliyefunga haimwambii mwenye nyumba seli zilizo ukutani zilitoka wapi. Vyuo vyetu vya ufundi vinaweza kuliziba pengo hilo kwa kufundisha upimaji kabla ya uunganishaji, na nyinyi wanahabari mnaweza kusaidia kwa kumuuliza kila fundi mnayemsifu awaonyeshe rekodi zake.

Limebaki swali kwa serikali za kaunti. Katika gunia moja la betri za kompyuta, seli zinazokataliwa si chache, na hazifai kutupwa shimoni wala kuchomwa pamoja na taka. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka wa 2022 inawapa wazalishaji wajibu juu ya bidhaa zao zinapochakaa. Je, fundi wa Kibuye hapa Kisumu au wa Nakuru mjini azipeleke wapi kesho asubuhi? Tunaomba tutajiwe mahali.

Fundi wa sola,
Kisumu