Wenye leseni za bastola, tujipimeni bila kujidanganya

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu tuliopewa leseni za kubeba bastola hapa Kenya, manake kuna jambo linaniuma na hatulisemi. Wengi wetu tulirudishwa kukaguliwa upya baada ya ile amri ya Matiang'i, waziri wa usalama wa wakati huo, mwisho wa 2018, tukapita, na tangu hapo kazi yetu ni kubeba tu. Leseni yasema mimi si mhalifu na akili zangu timamu, lakini haisemi kama nikivamiwa usiku nafunga duka nitaweza kuichomoa chini ya shati bila kujipiga risasi ya paja.

Mimi nauza spea za magari Mombasa na huu ni mwaka wa nane nabeba. Renji, pale pa kufanyia shabaha, nilikuwa naenda mara mbili kwa mwaka, bastola iko mezani tayari, nimesimama mita tano, napiga risasi kumi polepole zote zinaingia kifuani mwa mtu aliyechorwa kwa karatasi, napiga picha ile karatasi natumia jamaa kwa WhatsApp, basi nikajua niko fiti. Siku moja mwalimu, polisi mstaafu, akaiangalia akaniambia, "Mzee wangu, hii karatasi haijakukimbilia."

Mara iliyofuata hakuniruhusu hata kupasha mkono. Shati juu ya bastola, mita saba, taima ikilia piga. Risasi yangu ya kwanza ilitoka sekunde 3.8 na haikugusa karatasi. Akanieleza habari ya Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City huko Marekani, ambaye mwaka 1983 aliandika kwamba mtu mwenye kisu anamaliza futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimeshachomwa kisu hata mkono haujanyooka.

Halafu akachukua magazini yangu, kile kibebeo cha risasi, akachanganya risasi bandia zisizolipuka na za kweli bila kunionyesha. Nikavuta triga, tik, haikulia, na mdomo wa bastola nikauona kwa macho yangu ukidonoa chini kama kuku. Miaka yote hiyo nilikuwa naogopa mlio kabla haujatoka na sikujua, kwa sababu risasi ikilia inaficha kosa.

Sasa nafanya zoezi kavu nyumbani, yaani kuchomoa na kuvuta triga bila risasi, dakika kumi, mara tatu kwa wiki. Magazini nje, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuka, nakagua kwa jicho na kwa kidole, risasi zote ziko chumba kingine, naelekea ukuta wa mawe, na watoto wanajua mlango haufunguliwi. Renji naandika kwa daftari ile risasi ya kwanza tu, ya baridi, kabla mkono haujapata moto, si ile nzuri ya kumi, kwani jambazi nani atakungojea ufike ya kumi? Baada ya miezi sita, ile ya baridi imefika sekunde 2.1 na inaingia. Bado ni pole, najua.

Lakini kilichonishtua zaidi si hizo sekunde. Pale Westgate, lile jumba la maduka Nairobi, magaidi walipovamia tarehe 21 Septemba 2013, kuna raia wenye leseni waliingia na bastola zao wakatoa watu, na mimi nawaheshimu sana. Ila siku hiyohiyo jeshi na polisi wetu walifyatuliana wao kwa wao na kamanda mmoja wa GSU, kikosi maalum cha polisi, akafa. Kama watu wa kazi wanashindwa kutambuana hivyo, mimi na jeans yangu je, nitajulikana vipi, na nitamjua nani? Kwa hiyo mwalimu anapanga picha za watu, mwingine kashika bunduki, mwingine simu, anakugeuza ghafla. Mara ya kwanza nilimpiga wa simu. Mbili, kifuani. Nilinyamaza nikaenda kukaa kwa gari, na jioni ile nilipofunga duka nikawa naangalia mikono ya kila mpita njia.

Ndugu zangu, Jumamosi hii nendeni renji. Shati nje, usipashe mkono, usirudie. Lile tundu la kwanza, likiwa ndani ama nje, liandikie tarehe pembeni, na karatasi ile umpelekee mwalimu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwenye duka,
Mombasa