Mwani ndani ya kimelea

Chiromo, Nairobi
Julai

Sahibu yangu Rehema,

Salamu kutoka kwenye baridi. Huku chai inapoa kabla hujaipuliza, na mimi mtu wa pwani nimezoea nini! Lakini tu wazima.

Juzi kwenye simu ulinikejeli: "Kwani siku hizi malaria mnaiua kwa kibodi?" Nikacheka, ila neno lilinikaa. Wewe ndiye unayedunga artesuneti usiku wa manane huko Msambweni; mimi naangalia skrini. Basi ngoja nikueleze, ucheke ukijua unachokicheka.

Jenomu ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, yaani maandishi yote ya urithi wake, ilisomwa yote mwaka 2002: kromosomu 14, jeni zaidi ya 5,000. Humo natafuta protini ambayo kimelea kikiikosa kinakufa, na ambayo mimi na wewe hatuna. Hiyo ndiyo shabaha ya dawa. Sharti la kwanza si gumu sana. Mwaka 2018 watafiti walivuruga jeni zake karibu zote maabarani, wakaona takriban nusu hakiwezi kukua bila hizo. La pili ndilo linaloninyima usingizi.

Mwezi jana programu ilinipa protini moja juu kabisa ya orodha. Nikaruka! Nikampelekea mwalimu wangu. Akauliza tu, "Umelinganisha umbo, au herufi?" Nilikuwa nimelinganisha herufi, yaani mpangilio wa vipande vya protini. Jenomu ya mdudu huyu karibu asilimia 80 ni A na T, mbili tu kati ya herufi nne za DNA, kwa hiyo hata protini zake huandikwa kwa namna ya ajabu, na ndugu yake wa kibinadamu anaweza kukupita usimtambue. Maumbo yenyewe yapo, AlphaFold, programu ya akili bandia inayokisia umbo la protini, iliyatoa bure mwaka 2021. Nilipoyaweka pamoja, kile kishimo ambamo dawa ingekaa kilikuwa sawasawa na chetu. Dawa ile ingemdhuru mgonjwa pamoja na mdudu. Wiki tatu zikaenda na maji. Mwalimu hakunigombeza, alinimiminia chai tu, na hilo liliniuma zaidi.

Sasa nimehamia kwenye apikoplasti. Hiki ni kifuko kidogo ndani ya kimelea, masalia ya mwani ambao babu zake waliumeza zama za kale. Tena ni wa ukoo wa mwani mwekundu, jamaa wa mbali wa ule wanaolima akina mama wa Kibuyuni! Hakitumii jua tena, lakini bado kinatengeneza malighafi ambazo kimelea hakipati kwingine. Binadamu hatuna kitu hicho. Ndiyo maana doksisaiklini, dawa ya bakteria, inafanya kazi kwa malaria: inakivuruga kifuko hicho. Tatizo ni kwamba kimelea hakifi palepale, hufa kizazi kinachofuata, na mtoto mwenye degedege hana siku za kungoja.

Haraka yetu unaijua. Klorokwini ya utotoni mwetu iliachwa 1998, SP (salfadoksini na pirimethamini) ikashika nafasi yake, na mwaka 2004 serikali ikachagua AL, mseto wa lumefantrini na artemetha, dawa ya jamii ya artemisinini. Leo mabadiliko ya jeni ya kelch13, yale yanayoichelewesha artemisinini kuua vimelea, yameshathibitishwa Rwanda na Uganda. Uganda ni hapo tu, ng'ambo ya Busia.

Kwa hiyo nina swali, na ni wewe wa kunijibu, si kompyuta. AL ni dozi sita kwa siku tatu. Mtoto homa ikishuka siku ya pili, mama huendelea na vidonge au huvihifadhi kwa ajili ya mdogo wake? Niambie unavyoona wodini, usinipe ya kitabuni. Ikiwa wengi huacha njiani, shabaha hizi za polepole nizishushe chini ya orodha, hata kama nazipenda.

Orodha naipeleka Jumatatu, nijibu kabla ya Ijumaa. Na mtu akija huku, mpe pweza mkavu. Samaki wa hapa wana ladha ya friji.

Wako,
Zuhura