Barua ya wazi kwa Meya wa Seattle: bustani tunazipenda, ila kura yetu tuachieni

Kwa Mheshimiwa Ed Murray,
Meya wa Jiji la Seattle

Rainier Beach, Julai 2014

Mheshimiwa Meya,

Salamu nyingi. Bahasha za kura zimefika kwetu, na tangu zifike zimekaa mezani kando ya chupa ya chai. Mama mkwe wangu, aliyepata uraia juzijuzi tu, aliniomba nimsomee Pendekezo Namba 1, lile la kuunda mamlaka ya bustani za jiji yenye kodi yake. Kijitabu cha wapiga kura kipo kwa Kichina na Kivietinamu; Kiswahili bado, kwa hiyo mkalimani wa nyumba hii ni mimi. Nilipofika kwenye habari za kodi akanikatiza: "Na hii inaisha lini?" Nikarudi juu, nikasoma upya. Haiishi.

Usinidhanie kuwa nachukia bustani. Jumapili jua likiwaka, nusu ya watu ninaowajua mjini hapa utawakuta kwenye bustani ya Seward Park: mkaa unafuka, kuku wamelala kwenye ndimu na pilipili tangu jana usiku, watoto wamelowa maji ya ziwa, na wazee kwenye viti vya kukunja wanabishana siasa za nyumbani. Sisi wengi tunaishi kwenye vyumba vya kupanga. Bustani ndiyo uwanja wetu na ndiyo sebule yetu. Jiji linasema deni la matengenezo yaliyocheleweshwa limefika dola milioni 267, nami sibishi.

Ninachobisha ni namna ya kulilipa. Mwaka 2000 mlituomba kodi ya bustani ya miaka minane, dola milioni 198, tukakubali. Mwaka 2008 mkarudi na ya miaka sita, dola milioni 146, tukakubali tena. Hiyo inakwisha Desemba hii. Mara zote mbili mlikuja mlangoni, mkataja mtakachofanya na siku ya mwisho, tukapima. Safari hii mnataka mamlaka mpya kabisa ya bustani, yenye uwezo wake wa kutoza kodi ya nyumba na ardhi, na bodi yake ni madiwani walewale tisa wa jiji wakibadilisha kofia. Hodi ya miaka sita imeondolewa.

Mnasema mtaanzia senti 33 hivi kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba. Nyumba ya dola 440,000 italipa kama 145 kwa mwaka, na ikiishia hapo sitapiga kelele. Lakini sheria ya jimbo la Washington inaruhusu mamlaka ya aina hii kufika senti 75, na hapo nyumba hiyohiyo italipa dola 330. Nanyi hamtalazimika kuja kutuuliza.

Usiniambie mpangaji halimhusu. Mwaka jana mwenye nyumba wetu alipitisha karatasi chini ya mlango: kodi ya pango imepanda, sababu kodi ya jengo. Hakuna aliyetupigisha kura kwa hilo.

Najua jibu lenu. Sheria ya jimbo imeibana kodi ya kawaida ya majengo isikue zaidi ya asilimia moja kwa mwaka, na bustani zinagombea mfuko mmoja na polisi na zimamoto, tena ndizo hukatwa kwanza. Ni kweli, na inakera. Ila dawa ya hapo ni kwenda Olympia, makao ya jimbo, kugombana na hiyo sheria (wewe mwenyewe umekaa bunge la jimbo miaka mingi, njia unaijua), au kutuletea tena kodi yenye mwisho. Ilete hata ikiwa kubwa kuliko ya 2008. Nitaipigia ndiyo.

Kuna jambo moja sijasikia likisemwa sana huku kwetu. Novemba iliyopita tulipitisha kwamba kuanzia 2015 madiwani saba wachaguliwe kwa maeneo. Hatimaye kusini mwa jiji tutakuwa na diwani wetu wa kumshika shati. Sasa mbona mnaifunga hesabu hii ya kudumu zaidi ya mwaka mmoja kabla hajaingia? Na tukija kuichoka mamlaka yenu, kwa sheria ilivyo leo wenye kuivunja ni bodi yenyewe, kwa kura za wingi wao. Nani amewahi kuona kamati ikijivunja ilhali mfuko umejaa?

Aprili wapiga kura wa King County, wilaya yetu, walikataa kodi ya mabasi. Sisi huku tunapanda mabasi hayo, na iliniuma. Lakini wapiga kura waliulizwa, jibu likapatikana, na hakuna aliyesema tuache kuuliza.

Mama mkwe amekwisha tia sahihi bahasha yake na kuigandisha. Hakuniambia amejaza wapi, nami sikuuliza. Yangu nimejaza kupinga. Imebaki kununua stempu ya senti 49, kesho nikishuka kazini.

Wako,
Mpangaji wa Rainier Beach