Kodi siyo hela ya kutupa

Mhariri, naomba kanafasi nimjibu yule msomaji wa wiki iliyopita aliyesema anayepanga nyumba anatupa hela, na kwamba kijana mwenye akili akishapata kazi tu akimbilie mkopo wa nyumba. Mimi nimepanga, nimenunua kwa mkopo, nimewahi kupangisha, na mwaka huu mimi na mke wangu tumeuza nyumba kubwa tukahamia ndogo ya kupanga, kwa hiyo nasema yaliyonikuta.

Tuanze na huo mkopo. Chukua wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, marejesho sawa kila mwezi. Kwa kila 100 uliyokopa, hadi unamaliza umerudisha 264. Hiyo watu wanaijua juujuu. Wasichokijua ni kwamba rejesho la mwezi wa kwanza karibu lote ni riba, yaani katika kila 11 unazolipa 10 ni riba na 1 tu ndo inapunguza deni. Baada ya miaka mitano ya kulipa bila kukosa hata mwezi mmoja bado unadaiwa kama 92 katika ile 100, na hata ikifika miaka kumi, nusu nzima ya muda, bado 77. Mimi nilienda benki mwaka wa tano nikitaka kuuza, yule binti wa mikopo akanigeuzia skrini nione salio, nikamwambia dada nadhani umefungua akaunti ya mtu mwingine. Akasoma jina langu kwa sauti. Sasa hiyo riba nayo si imeenda? Mbona kodi peke yake ndo inaitwa kutupa?

Na hapo sijagusa wakili, mthamini, dalali, ada za kubadilisha hati, ambazo unazilipa uwe utakaa miaka miwili au thelathini. Ndo maana mtu ambaye kazi yake inaweza kumhamisha muda wowote, au hajajua familia itakuwa ya watu wangapi, mimi namwambia panga tu kwanza, huna haja ya kuona aibu. Uswisi ni nchi tajiri na zaidi ya nusu ya watu wake wamepanga.

Najua nitajibiwa "lakini nyumba inapanda bei". Inapanda, ila haijaapa. Wajapani walinunua kwa bei za ajabu miaka ya 1980, kuanzia 1991 zikaporomoka na watu wakabaki na madeni makubwa kuliko nyumba zenyewe kwa miaka mingi sana. Marekani 2008 tuliona wote. Robert Shiller, yule mchumi aliyepata Nobel 2013, alizifuatilia bei za nyumba za huko tangu 1890, akakuta kwamba ukiondoa mfumuko wa bei, kwa miaka mia ya kwanza karibu hazikwenda popote. Nyumba ya kukaa ni nzuri kwa kukaa, basi. Ya kupangisha nayo ina hesabu zake, mwezi mmoja tu ikikaa tupu asilimia 8 ya mapato ya mwaka imeondoka, na mpangaji akitoka lazima upake rangi.

Ila siyo kwamba kumiliki ni ujinga. Hakuna anayekuamkia na notisi, hakuna wa kukupandishia kodi, na kuna watu (mimi mmoja wao) ambao bila rejesho la kila mwezi wasingeweka akiba hata senti. Kwa hiyo sijuti kununua. Nachojutia ni kung'ang'ania.

Watoto waliondoka wote, tukabaki wawili na vyumba vitano, ghorofani tukawa hatupandi tena kwa sababu ya magoti ya mke wangu. Siku moja naona doa la kahawia kwenye dari ya sebule, dogo kama sahani. Fundi akapanda, akaniita, nikakuta bomba la choo cha juu linavuja taratibu, zulia la chumba cha mtoto wa pili limeoza, mbao chini zinabonyea ukikanyaga. Akasema hii siyo ya wiki hii mzee, ni ya miezi. Miezi! Maji yanatiririka ndani ya nyumba yangu mwenyewe na sina habari. Hela ya ule ukarabati ingetulipia kodi ya hapa tulipo karibu mwaka mzima, na bado gata na bati zilikuwa zinasubiri zamu. Hata hivyo ilinichukua miaka mitatu mingine kukubali kuuza, maana kila nikitaka nilikuwa najiambia wajukuu watalala wapi. Wanalala sebuleni, kwenye magodoro, na hawataki hata kuondoka.

Sasa kijana wangu mkubwa ndo yuko kwenye mchakato wa kununua. Amepewa karatasi moja inayoonyesha rejesho la mwezi tu, kwa maandishi makubwa. Nimemwambia asisaini chochote hadi apewe jedwali zima la mwezi kwa mwezi, riba pembeni, deni pembeni. Ameliomba tangu Jumatatu, wanamwambia mfumo uko chini.

Mpangaji mpya, umri miaka 66